Toka Moja Hadi Tano

Binti wa utafiti amevua viatu mlangoni,
kibao chake cha kioo kinammulika kidevu.
"Toka moja hadi tano, mama Kulsuma,
unajisikiaje kuishi jirani na kambi?"

Kaa kwanza. Upande huo mkeka ni mkavu.
Chai haina maziwa, maziwa yamepanda bei,
na hilo nalo ni jibu, ila halina namba.

Usiku ule wa kwanza hakuna aliyetaka namba.
Walikuja na matope hadi kifuani,
kikongwe kabebwa ndani ya kapu,
mtoto kalala na kijiko mkononi.
Nilipika kwa sufuria la harusi, lile la kuazimana:
wali, dengu, pilipili mbichi.
Absar aliangusha ua wa bustani ya tambuu
wapate pa kutandika turubai.
Hatukuuliza hadi lini.
Lugha yao ni yetu, wanaivuta tu mwishoni
kama mtu avutaye shuka usingizini.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Basi jembe walilishika,
wakalishika kwa nusu ya ujira wetu,
na Absar, aliyezoea mia tano kwa kutwa,
akawa anarudi saa nne asubuhi, jembe safi.
Nimkasirikie nani?
Anayekubali mia mbili ana watoto sita.
Anayetoa mia mbili ni mjomba wangu.

Kilima kile unakiona?
Zamani usingekiona, palikuwa na miti.
Iliondoka tawi, kisha shina, kisha mizizi ikachimbuliwa,
yote ikawa moshi chini ya vyungu.
Tembo wakapotewa na njia yao.
Mwaka juzi mmoja alisimama hapo ulipokaa,
akaunusa mpunga, akavunja ukuta wa jikoni taratibu
kama mtu aliyekosea nyumba.
Yeye hakuandikishwa popote.

Kiangazi pampu inakohoa tu.
Shuleni walilala askari miezi mitano;
Rumena wangu aliiacha la nane hapo, hakuirudia.
Magari meupe yanapita, vumbi linabaki kwetu.

Lakini usiandike haraka.
Moja ya magari hayo analiendesha mwanangu Monjur.
Bati hili juu ya kichwa chako limetoka kambini.
Mafuta yaliyokaanga bagia unazokula
nimeyanunua kwa Senowara, kopo lina chapa ya msaada.
Yeye amechoka dengu, anataka samaki;
mimi samaki ninao, mafuta sina.
Tunapunjana kwa adabu.

Halafu ule moto.
Jivu lilishuka juu ya tambuu, jani kwa jani,
na mimi nilisema, Mungu anisamehe,
nilisema: labda sasa wataondoka.
Nilisema huku mikono inajaza ndoo.
Nilikimbia nayo hadi kwenye seng'enge, nusu ikamwagika,
nikarudi, nikajaza tena.
Sasa sijui, mwanangu, umekuja kumuuliza nani:
mwenye mdomo au mwenye ndoo?

Senowara alilala hapa siku tatu
na wanawe na chungu kimoja kilichopasuka.
Hatukuzungumza sana. Nguo zake zilinuka plastiki.
Siku ya nne niliamka nikakuta ua umefagiwa
mistari mistari, kama shamba lililopigwa matuta,
na wao hawapo.
Sikuukanyaga ule ua mpaka mchana.
Wiki ileile tuligombania foleni ya maji,
nikamwita jina ambalo sitalitaja mbele yako.

Umefika wapi? Bado swali la kwanza?
Weka tatu, basi.
Hapana, futa. Tatu ni ya wasiojali.
Ina maana hakuna namba inayopanda na kushuka
kutwa nzima, kama mimi?

Ngoja nikuongeze chai.
Senowara hupita saa kumi na kopo lake.
Mwulize yeye
mimi ananipa ngapi.